Mke wa Fundi wa Chonge

Nadine Ostrander alikuwa mwoga, na mtu wa kwanza kukutangazia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Aliogopa maputo kwa sababu hupasuka. Aliogopa milango ya kuzunguka kwa sababu haimsubiri mtu. Aliogopa jogoo, ngazi za umeme, na wale watu wanaojivika mavazi ya sungura siku za Pasaka. Pale kwao Vandalia, ukimjia kwa nyuma kanisani ukamgusa bega kumsalimia, alipiga ukelele mpaka wanakwaya wakapoteana. Mchungaji alikwisha kuzoea. Alisubiri kidogo, akanywa maji, kisha akaendelea na mahubiri pale pale alipoyaachia.

Sasa mtu kama huyo, Mungu akampa mume anayetengeneza meno ya mazimwi.

Wendell hakuanza hivyo. Walipooana alikuwa fundi wa meno ya bandia, meno ya heshima, ya wazee wanaotaka kutafuna nyama siku ya harusi ya mjukuu. Yeye mwenyewe, aliyeng'olewa meno ya juu ujanani kwa teke la ng'ombe, alitembea na kazi ya mikono yake kinywani na kuiita tangazo la biashara. Kisha mwaka mmoja wazima moto wa mji wakawa wanaandaa nyumba ya vitisho ya mwezi wa Oktoba, ambamo watu hulipa kiingilio ili majirani zao waliojipaka damu ya rangi wawarukie gizani. Wakamwomba Wendell chonge za mnyonya damu. Akazitengeneza kwa uangalifu ule ule wa meno ya wazee, zikamkaa mzima moto aliyezivaa kana kwamba zilimwota kinywani. Alikuwa akitisha watu mlangoni, halafu anakwenda nyuma kula mahindi kwa chonge zile zile. Sifa zikasambaa. Baada ya miaka michache, wazee wenye mapengo wakawa wanapanga foleni pamoja na mbwa-mwitu, mashetani na maiti waliofufuka.

Kila Machi, wenye nyumba za vitisho kutoka pande zote za nchi hukutana Saint Louis kwa maonyesho yao makubwa ya biashara, na Wendell alikuwa akienda kuuza meno huko pamoja na rafiki yake Gil. Nadine alimfungia sandwichi, akampungia mkono, akafunga mlango kwa komeo. Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka ninaousimulia, pale Gil alipoteleza kwenye ngazi akisafisha mifereji ya paa, akavunjika mguu.

"Mpenzi," Wendell alimwambia mkewe jioni moja mezani, "nina neno."

"Kama ni lile ninalolidhani, jibu ni hapana."

"Hata hujalisikia!"

"Nimeona ulivyonikatia keki. Kipande kikubwa namna hii hukikati bure."

Wendell akakuna kichwa. Masikio yake hayakuwa mazuri tena, hasa penye kelele, na mikono yake ikiwa ndani ya kinywa cha mteja mmoja, mteja wa pili angeongea na nani? Akajieleza hivyo, polepole. "Ni meza tu na viti viwili. Na watu wenyewe ni wapole, Nadine. Nakuapia, sijaona watu wapole kama wale."

"Wapole wenye misumeno ya injini."

"Misumeno yenyewe imetolewa minyororo ya kukatia. Inanguruma tu."

Nadine alikula keki yote. Alimpenda mume wake, na alijua meno hayauziki yenyewe. "Nitakuja," akasema hatimaye, "lakini nitaangalia viatu vya watu. Juu ya magoti siangalii."

Na ndivyo alivyoingia kwenye ule ukumbi wa Saint Louis siku ya ufunguzi: kashika mkono wa Wendell, macho chini, kama bibi harusi wa zamani. Aliona viatu. Aliona buti zenye matope ya bandia, kwato, makucha ya kuku makubwa kuliko meza, na viatu vya kawaida vya akina mama kama yeye, vingi kuliko alivyotarajia. Sikio lake halikuwa na pa kujificha. Huku milango ya jela inajibamiza, kule watoto wasiokuwapo wanacheka, pembeni mtu ananadi majeneza kwa sauti ya muuza matikiti: "Njoo ulale ujaribu, mama, kulala ni bure!"

Kibanda chao kilikuwa baina ya majirani wawili. Upande wa kulia alikuwepo mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, jina lake Oneida Trask, aliyeuza harufu. Alikuwa na chupa za harufu ya kaburi bichi, ya kinamasi, ya hospitali ya zamani, ya nywele zilizoungua. "Hii ya samaki aliyesahauliwa garini inakwenda sana mwaka huu," alimwambia Nadine kwa kujivuna, akamfungulia anuse. Nadine alinusa, akatokwa na machozi, akampenda papo hapo.

Upande wa kushoto ndiko kulikokuwa na shida. Huko Rusty Vollmer, bwana mwembamba mwenye masharubu mekundu, aliuza masanamu yanayorushwa kwa kompresa, mashine ya kusukuma upepo. Fahari yake ilikuwa mbwa-mwitu mmoja mrefu kupita mlango, aliyejikunja ndani ya boksi la mbao kama furushi la manyoya. Ukikanyaga kibonyezo chake sakafuni, boksi linafunguka na dubwana linachupa mbele kwa ngurumo. Wendell alikuwa amemwona mwaka uliopita. Alisahau kumwambia mkewe, au, kama alivyosema baadaye, alikuwa anatafuta wakati mzuri wa kumwambia.

Wakati mzuri haukufika. Nadine alikuwa amebeba sinia la chonge, anazipanga juu ya kitambaa cheusi, na moyo wake ndiyo kwanza unatulia, mteja mmoja wa Rusty alipokanyaga kibonyezo.

Wale waliokuwepo wanasema hawajasikia sauti kama ile. Haikuwa yowe la kawaida linalopanda na kushuka. Ilikuwa sauti moja iliyonyooka, kali kama king'ora cha meli, na ilipita juu ya ngurumo za mazimwi yote mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Sinia likaruka. Chonge zikanyesha juu ya wateja kama mvua ya mawe. Milango ya jela ikaacha kujibamiza. Hata yule muuza majeneza alinyamaza.

Halafu ukumbi mzima ukapiga makofi.

Rusty alikuja mbio, na Nadine akadhani anakuja kuomba radhi. Wapi! Macho yalikuwa yamemtoka kwa furaha. "Mama, wewe umetokea wapi? Nina miaka na hili dubwana, watu wanalitazama, wanasema 'kazi nzuri,' wanakwenda zao. Kazi nzuri! Kama wanasifia kabati! Hebu tafadhali, simama hapo hapo, usiondoke."

Watu walijaa. Kila mmoja alitaka kuona kilichomliza mama yule, na kila mmoja alitaka kukanyaga kibonyezo. Dubwana likachupa tena, na Nadine, ambaye sasa alijua lipo, alipiga yowe vile vile, maana kujua hakujawahi kumsaidia. Likachupa mara nyingine. Yowe. Vicheko vya kuvunja mbavu. Akageuka kumtafuta mumewe, amshike mkono. Wendell alikuwa amejishika tumbo, anacheka pamoja nao, mpaka anafuta macho.

Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, ila hawakusema kicheko chenyewe kinauma vipi kikitoka kinywani mwa mumeo.

Nadine aliweka chini chonge alizokuwa ameokota, akavuta mkoba wake, akatoka.

Alikwenda mpaka sehemu ya kulia chakula, akanunua sahani ya zile tambi za kukunja zilizojazwa nyama na kukaangwa, ambazo watu wa mji ule huzila kama karanga, akakaa kwenye meza aliyoiona tupu. Hasira ilikuwa imemshika kuliko woga. Akiwa bado ameinamia sahani yake, sauti nzito, ya upole kabisa, ikatoka upande wa pili wa meza.

"Samahani, mama. Sitaki kukusumbua. Unaweza kunisaidia na huu uma?"

Akainua macho, kwa mara ya kwanza siku ile akavuka magoti. Mbele yake kulikuwa na shetani. Alikuwa na pembe za kondoo dume, uso wa rangi ya maini, macho ya njano, na vidole vilivyoishia kwenye kucha ndefu kama visu vya mkate. Nadine alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha yote kule kibandani. Kilichotoka ni mlio mdogo kama wa bawaba isiyotiwa mafuta.

"Ni kucha hizi," shetani akaendelea kwa aibu. "Zimegandishwa tangu alfajiri, na siwezi kuzitoa mpaka onyesho la jioni liishe. Jina langu Thaddeus. Nimepita hapa nikiangalia watu wakila, na njaa inaniua."

Nadine alikuwa amelea watoto wanne. Woga ulikuwa woga, lakini mtu mwenye njaa mbele ya chakula ni jambo lingine. Uma ukagonga pembe, mchuzi wa nyanya ukamdondokea shetani kidevuni, lakini akamlisha kutoka sahani yake mwenyewe. Tambi ya kwanza, ya pili. Kufika ya tatu mkono ulikuwa umetulia, na alikuwa akimfuta kwa karatasi.

"Tafuna vizuri," alisema. "Unameza kama bata."

"Ndiyo, mama."

Kumbe Thaddeus alitokea Kentucky, na kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa kuendesha basi la shule. Kila Oktoba alisimama nyuma ya mlango katika nyumba ya vitisho ya shemeji yake. Nadine alimwuliza yeye mwenyewe anaogopa nini.

"Mimi? Kuzungumza mbele za watu. Jioni hii nitasimamishwa jukwaani niseme maneno machache, na tangu jana sijalala." Kisha akamkazia yale macho ya njano. "Ni wewe uliyepiga lile yowe?"

"Nimekuja huku ili nisiulizwe hilo."

"Mama, sikucheki. Nikuambie kitu. Mimi nasimama nyuma ya mlango ule saa nzima na mgongo unaniuma, anakuja kijana na simu mkononi, namrukia, ananiambia 'aa, poa.' Poa! Unajua inavyokata maini? Halafu usiku mmoja anakuja mtu kama wewe. Tunapeana habari kwa redio, chumba hadi chumba: jamani, amekuja mwenye sauti, jipangeni. Siku hiyo tunarudi nyumbani tunaimba."

Nadine akacheka bila kutaka. "Basi mimi ni karamu yenu."

"Karamu hasa. Lakini kuna miiko. Hatumgusi mtu. Na akisema imetosha, tunaacha, tunamtoa nje kwa mlango wa pembeni na maji ya kunywa. Anayetishwa asipokubali, huo si mchezo tena." Akapanua kinywa apokee tambi ya mwisho. "Kule kibandani kuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi walikosea. Wote."

Nadine akakaa akilifikiria neno lile. Maisha yake yote watu walimwambia asiogope. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anayo haki ya kuulizwa.

Alirudi ukumbini kwa hatua za mtu anayekwenda kudai chake. Rusty alikuwa bado amezungukwa na wateja. Wendell alikuwa ameinama juu ya mteja, bwana mmoja mkubwa kutoka Pennsylvania mwenye nyumba tatu za vitisho kwa pamoja, amemjaza kinywani ule ute wa kuchukulia kipimo cha meno, anasubiri ugande. Hakumwona mkewe akija, na kwa kelele zile hakumsikia.

"Bwana Vollmer," Nadine akasema, "dubwana lako limefanya biashara leo?"

"Mama! Sijawahi kuona! Nilikuwa nakutafuta, nimekuletea hata kahawa..."

"Kahawa baadaye. Kuanzia sasa hakanyagi mtu kibonyezo hiki ila mimi. Mtu akitaka kuona, anakuja kwangu, ananiuliza. Nikitaka, ndiyo. Nisipotaka, hapana. Umenielewa?"

Rusty alimtazama, akatazama umati, akavuta masharubu. "Nimekuelewa. Ni haki yako." Akakisukuma kibonyezo kwa mguu mpaka mbele ya Nadine, na waya wake.

Oneida alikuwa anatazama yote haya juu ya miwani yake. Akamkonyeza Nadine, kisha, taratibu, akaelekeza kidole chake kwa Wendell. Nadine akaona. Boksi la mbwa-mwitu lilikuwa kwenye magurudumu. Oneida, bila kuambiwa, akazunguka, akalisogeza kidogo tu, kiasi cha mlango wake kutazama mgongo wa fundi wa chonge.

"Rusty," Oneida akanong'ona, "hukuona kitu."

"Mimi kipofu tangu utoto," Rusty akajibu.

Nadine akakanyaga.

Dubwana lilichupa, likanguruma sikioni mwa Wendell, lile sikio lenye nafuu. Wendell Ostrander, aliyeishi na mazimwi miaka yote ile, alitoa sauti nyembamba ya paka aliyebanwa mkia na mlango, akaruka, akageuka angani, na katika kugeuka huko meno yake ya juu, lile tangazo la biashara, yakamtoka kinywani, yakapaa, yakatua katikati ya meza kwenye kitambaa cheusi, baina ya chonge za popo na meno ya nguruwe pori, kana kwamba nayo yanauzwa.

Bwana wa Pennsylvania hakuweza kucheka kwa sababu ya ute uliomjaa kinywani. Alipiga magoti yake kwa ngumi, machozi yakamtiririka, akitoa mlio wa puani kama tarumbeta. Rusty alikaa sakafuni. Oneida alilazimika kufunga chupa zake zisije zikamwagika.

Wendell alisimama ameshika kifua, mashavu yameingia ndani, anamtazama mkewe.

"Nadhine," akasema.

"Naam, mume wangu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akayachukua meno yake mezani, akayasuuza kwa maji ya chupa, akayarudisha mahali pake. Hakucheka. Alikwenda mpaka aliposimama Nadine, akainama ili amsikie vizuri, na ili wengine wasimsikie sana. "Niliposikia ile ngurumo," akasema, "kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba nakufa. Sekunde moja tu, lakini nilifikiri hivyo kweli. Ndivyo wewe unavyosikia kila mara?"

"Kila mara."

"Na mimi nikacheka."

"Na wewe ukacheka."

"Nisamehe, Nadine. Ilikuwa upumbavu."

"Nimekusamehe," akasema Nadine. "Tangu ulipoanza kuruka."

Sasa Wendell akacheka, na yeye pia, wakashikana wasianguke. Yule bwana wa Pennsylvania alipotolewa ute kinywani, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anataka meno ya nyumba zake zote tatu yatengenezwe hapa na si kwingine, kwa sharti kwamba yule mama akanyage kibonyezo mara moja tena, kama hataudhika. Alimwuliza hivyo hivyo, kwa adabu: kama hutaudhika.

Kwa siku zilizobaki Nadine alikaa na kibonyezo miguuni kama malkia na fimbo yake. Watu walipanga foleni. Wengine aliwakatalia kwa sababu walikuja na jeuri. Wengine aliwakubalia, na alipokanyaga alipiga yowe mwenyewe kabla ya mteja, na wakipigwa na butwaa aliwauzia chonge. Rusty alimletea kahawa bila kukumbushwa. Jioni ile ya kwanza, ya onyesho, alikuwa amekwenda mpaka chini ya jukwaa, akasimama mahali ambapo Thaddeus angemwona, na yule shetani mwenye hofu alisema maneno yake machache akimtazama yeye tu, hakukosea hata moja.

Siku ya mwisho Thaddeus akaja kibandani, sasa bila pembe: bwana wa makamo mwenye kipara na mashavu ya kitoto, Nadine asimtambue mpaka aliposema "mama." Wenzake walikuwa na nyumba ndogo ya vitisho mle ukumbini, ya mfano, vyumba vinne tu. Wangefunga baada ya saa chache. Kama Nadine angependa kupita, yeye Thaddeus angekuwa chumba cha pili. Kama asingependa, hakuna neno.

Wendell alianza kuvua aproni amsindikize. Nadine akamzuia.

"Wewe baki uuze. Huku naenda mwenyewe."

"Una hakika?"

"Sina hata kidogo," akasema, akaenda.

Alianza kupiga mayowe kabla pazia halijajifunga nyuma yake. Alipiga chumba cha kwanza, ambacho hakikuwa na kitu ila kiti. Alipiga chumba cha pili kwa nguvu zote, na katikati yake watu wa nje wakasikia sauti nzito ikisema, "Asante, mama," na sauti ya Nadine ikijibu, "Karibu, mwanangu," kisha yowe likaendelea. Chumba cha tatu alikimbia. Cha nne akasema imetosha, na mara ile ile taa zikawaka, mlango wa pembeni ukafunguliwa, msichana mwenye shoka kichwani akampa glasi ya maji.

Akatoka nje, nywele zimesimama, kiatu kimoja mkononi. Mafundi, wauza majeneza, wauza damu ya rangi, wote walikuwa wamejipanga pale nje wanasubiri, na walimpigia makofi kama anayerudi kutoka vitani. Lakini safari hii aliyapokea, akainamisha kichwa kidogo kulia na kidogo kushoto.

"Vipi?" Wendell akauliza, akimfunga kamba ya kiatu.

"Mbaya kabisa," Nadine akasema akihema. "Siingii tena mle maisha yangu yote, hata mnipe nini." Akanywa maji yaliyobaki, akaangaza macho ukumbini. "Oneida yuko wapi? Alisema kuna duka barabara ya pili wanauza keki ya siagi ya mji huu. Nina njaa ya kula meza."